Taa niliyoitengeneza Kizota ikazinduliwa kama ya Uturuki, na baba yangu amesimama chini yake

Wakuu, nawasalimu nyote, mlioko maofisini mkijifanya mna kazi na mlioko vijiweni msiojifanya.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu nimechoka kukitafuna hiki kitu peke yangu. Sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo sitayataja, na sababu mtaielewa huko mbele.

Uzi ni mrefu kidogo. Mvivu wa kusoma aende kwenye uzi wa mpira.

Mimi ni fundi, nipo Dodoma, mitaa ya Kizota. Natengeneza taa kutokana na skrepa.

Siyo taa za kawaida. Nachukua jembe lililolika, pasi ya mkaa, rimu ya baiskeli, mnyororo wa pikipiki, naviweka mezani navitazama mpaka nione vinataka kuwa nini. Jembe likilika vizuri linakuwa bawa la ndege, huhitaji hata kulikata. Pasi ya mkaa naiacha mdomo wazi, balbu inakaa palepale yalipokuwa yanakaa makaa, na mwanga unatokea kwenye vile vitundu vya pembeni. Ukizima taa nyingine zote sebuleni, ukuta unajaa madoa ya mwanga. Watoto wanapenda sana hiyo.

Karabai nazifuata Mtera. Wavuvi siku hizi wamehamia kwenye taa za sola, karabai zao zimelala nyuma ya vibanda zimeota kutu. Unazinunua kwa kilo huku mwenyewe anakushangaa.

Kitu nisichogusa ni chuma cha reli. Kuna jamaa aliwahi kuniletea misumari ya reli kutoka Gulwe, mizuri, mizito, nikaishika nikairudisha, nikaishika tena. Mwishowe nikamwambia arudi nayo. Chuma cha reli kinakufikisha mahabusu kabla hakijawa taa.

Sasa turudi kwenye kisa.

Nyumbani kwetu ni Kondoa mjini. Baba ana duka la nafaka na vitu vya nyumbani, alirithi kwa babu. Ni mtu wa msikitini, mtu wa heshima zake, maneno machache. Alitaka nikae dukani. Mimi nikasomea umeme chuo, kazi sikupata, nikaingia kwenye kuchomelea vyuma, kutoka hapo nikaingia kwenye taa.

Kwa baba hiyo siyo kazi. Alikuwa anasema, "Watoto wa wenzangu wako ofisini, wa kwangu anaokota."

Hakuwahi kunitukana wala kunifukuza, na nikienda Idd ananipokea vizuri tu. Lakini mgeni akiuliza huyu kijana anafanya nini Dodoma, baba anajibu "anahangaikahangaika", halafu anabadilisha mazungumzo. Wakuu, mtu ukiambiwa unahangaikahangaika mbele ya wageni, na wewe unajua mikono yako inafanya nini, inauma. Bora utukanwe.

Idd moja nilikuta kuku anaatamia nyuma ya stoo. Kusogea, naona anaatamia ndani ya mizani ya babu.

Ile mizani ya zamani ya kuning'iniza, ina mti wa chuma juu na vitanga viwili vya shaba, yaani zile sahani, kwa minyororo. Baba aliacha kuitumia alipolazimika kununua mizani ya kisasa.

Hii mizani ina historia yake, na baba ametusimulia mpaka tukaichoka. Siku moja ilimdondoka babu, kitanga cha upande wa mawe ya kupimia kikameguka ukingoni. Kikawa chepesi. Maana yake kila aliyenunua sukari kwa babu akawa anapunjwa kidogo bila kujua. Babu hakuwa na hela ya mizani mpya, na mteja asingegundua. Alichofanya alichukua senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati, akailehemu chini ya kitanga mpaka pande zote mbili zikawa sawa.

Baba alikuwa akimaliza kusimulia hapo anatuangalia mmoja mmoja. Halafu anaendelea kula.

Basi nikamuomba. Nikasema baba, ile mizani ambayo kuku wanaatamia, naweza kuichukua?

Akasema, "Chukua. Si ndiyo kazi yako, takataka."

Nikaichukua. Kuku nilimhamishia kwenye karai.

(Subirini kidogo, kuna mteja hapa nje.)

Nimerudi. Anataka geti. Mtaona baadaye kwa nini hilo geti limenichefua.

Muda ukapita. Kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni nilipanga taa zangu kwenye kibanda cha kushirikiana na mwenye asali. Akaja mtu mmoja, nitamwita Bosi. Alikuwa anajenga hoteli pembeni ya mji. Akazunguka kibanda, akapiga picha, akaondoka. Kesho yake akarudi akaniambia anataka taa moja kubwa ya mapokezi, kitu ambacho mtu akiingia mlangoni lazima asimame.

Nikajua siku ya ile mizani imefika.

Nilifanya ile kazi kama mtu anayejenga nyumba yake. Mti wa mizani ukawa uti wa mgongo. Chini yake nikashusha karabai za Mtera kwa urefu tofauti, nimezitoa matumbo, nimeweka balbu. Rimu za baiskeli zikazunguka kwa nje na ndege wa majembe wakawa kama wanatua. Vitanga viwili vya babu nikaviacha vining'inie chini kabisa, kila kimoja na balbu juu yake, shaba inarudisha mwanga juu. Shaba haichomelewi na chuma kienyeji, nilifunga kwa bolti, na nikasugua kwa majivu na limao mpaka ikawaka.

Senti sikuigusa, nikaiacha nyeusi vilevile. Ukisimama chini ya taa ukainua kichwa, unaiona.

Bosi alipokuja kukagua aliiona. Akasema, "Hii toa, inaleta uchafu." Nikamwambia nikiitoa kitanga kitapanda upande mmoja na taa yote itaonekana imelala. Ilikuwa kweli. Akaguna, akaacha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hela alinilipa, tena yote na kwa wakati. Hapo sina neno naye.

Nilichomuomba zaidi ni kitu kimoja tu. Siku ya ufunguzi aseme aliyeitengeneza ni nani. Hata sentensi moja. Akanishika bega akasema, "Hilo tu? Mdogo wangu, nitakuita mbele usimame."

Nikampigia baba simu. Nikamwambia baba, njoo Dodoma, kuna shughuli, kazi yangu itazinduliwa na utasikia jina langu likitajwa. Jina langu la pili ni la kwake, kwa hiyo na la kwake lingetajwa. Akauliza kama kuna usafiri wa kurudi kesho yake.

Alikuja, wakuu. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu, kofia ile anayovaa kwenye ndoa za watu. Nilipompokea stendi nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia viatu. Nilikuwa nimenunua vipya. Akasema, "Vizuri."

Kwake hiyo ni hotuba.

Ufunguzi ulikuwa alasiri. Kulikuwa na dua, na pilau la ng'ombe, na wakubwa wa maofisi waliokuja na wake zao. Taa ikawashwa. Nasema kweli, ukumbi wote ulitulia. Hata wahudumu waliokuwa wamebeba sinia walisimama.

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinua kichwa. Nikasema moyoni, leo. Leo yameisha.

Mkubwa mmoja, mtu mzima wa suti, akamuuliza Bosi, "Hii kitu umeitoa wapi?"

Bosi akageuka. Macho yake yakapita kwangu, akaniona kabisa, halafu yakaenda zake.

Akasema, "Uturuki. Niliagiza Istanbul, imekuja na meli mpaka Dar."

Watu wakasema aaa. Yule mzee wa suti akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo maana. Sisi hapa tunaweza mageti tu."

Wakacheka, wake zao wakaanza kupiga selfi.

Wadau mtaniuliza mbona sikusema palepale. Najiuliza hata mimi, tena kila siku. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi na tonge mdomoni. Nilikuwa kwenye shughuli ya mtu, nakula chakula chake, mbele ya wakubwa wake, siku yake ya furaha. Sisi tumelelewa kwamba mwenyeji haumbuliwi kwake. Nikalimeza lile tonge.

Bosi alikuja baadaye pembeni, akaninong'oneza. "Mdogo wangu usikasirike, hiyo ni biashara. Ningesema Kizota wangeniuliza kama haitawadondokea. Na taa za vyumbani nakupa wewe zote."

Alisema hivyo anatabasamu. Aliona amenipa zawadi.

Ikafika wakati wa dua. Shehe aliyealikwa alikuwa amechelewa, Bosi akaangaza akaona mzee wa kanzu na kofia nzuri, akamwendea baba kwa unyenyekevu, "Mzee wangu shikamoo, tunaomba utuongozee." Hakujua ni baba yangu. Sikuwa nimewatambulisha, nilikuwa nasubiri niitwe mbele kwanza.

Baba akainuka. Akatembea taratibu mpaka katikati, akasimama chini kabisa ya taa. Akainua mikono. Akaiombea nyumba, akaombea wageni, akaombea riziki ya halali. Halafu akasema:

"Ewe Mola, mpe kila mwenye haki haki yake, wala asipunjwe mtu kwenye mizani."

Watu wakaitikia amina. Bosi aliitikia kwa sauti kuliko wote. Na mimi niliitikia.

Nilidhani ni dua tu ya mfanyabiashara mzee.

Tukaondoka na bajaji. Jua lilikuwa linazama upande wa mashamba ya zabibu, vumbi la Dodoma mnalijua, baba amefunika pua na leso. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Nimwambie baba kwamba Bosi ni mwongo? Angesema najitetea. Kwake nilikuwa nimeshakuwa kijana anayemwita baba yake kutoka Kondoa kuja kuangalia taa ya Waturuki.

Tulipokaribia Kizota akatoa leso puani.

Akauliza, "Waturuki nao walitawaliwa na Mwingereza?"

Nikasema, "Sijui baba. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Nimeona wana senti yetu ya tundu."

Wakuu, niligeuka mzima nikamtazama.

Nikamuuliza, "Kumbe uliiona?"

"Nimekua chini ya ile mizani. Nisiione?"

"Sasa baba, mbona hukusema? Ulipewa nafasi, umesimama mbele ya watu wote."

Hakunigeukia. Alikuwa anaangalia barabara kupitia bega la dereva.

Akasema, "Mwenye kazi alikuwepo. Nilimuona. Anakula, amenyamaza. Nikajua ameuza taa pamoja na jina. Sasa mimi niseme kama nani?"

Basi. Alilala kwangu, tukaswali alfajiri pamoja, nikamsindikiza stendi. Kabla hajapanda basi akaninyooshea kola ya shati, akanipa pakiti ya karanga aliyonunua kwa ajili ya safari, akapanda.

Nilikasirika, sitawadanganya. Nilimkasirikia Bosi, kisha nikamkasirikia baba zaidi. Aliijua kazi ya mwanawe, aliijua kwa senti ya baba yake mzazi, akaamua kunipa somo. Mimi sikuhitaji somo siku ile. Nilihitaji baba mmoja tu wa kusema "huyu ni wangu". Miaka yote ananiambia naokota, siku nimesimamisha watu wazima na sinia mikononi, ananipimia kwenye mizani.

Halafu nikikaa nafikiri, naona hakukosea hata neno moja. Hapo ndipo panapouma.

Nikaamua niende kwa Bosi. Sikutaka ugomvi, nilitaka nigonge kibati kidogo chenye jina, nikifunge ukutani hata kwa nyuma. Mlinzi getini akanisimamisha.

"Wewe nani?"

"Mimi fundi. Ndiye niliyetengeneza taa ya mapokezi."

Akanitazama kuanzia chini, akacheka, lakini kwa huruma. "Ile ya Uturuki?"

Nikageuza. Taa za vyumbani sikuzitengeneza, na Bosi alipopiga simu sikupokea. Najua kuna watakaosema nimejikosesha riziki kwa hasira. Sawa.

Ngoja nimalizie na hili, ndilo lililonifanya niandike.

Hivi karibuni alikuja mteja hapa karakana. Dada mmoja mstaarabu, ana nyumba mpya. Akatoa simu akanionyesha picha. Yeye amesimama, ametabasamu, na juu ya kichwa chake ni vitanga vya babu yangu.

Akasema, "Fundi, hii nimeiona hoteli moja. Najua haiwezi kufikia ile, ile ni ya Uturuki. Lakini unaweza kujaribu kuiiga?"

Safari hii sikuwa na tonge mdomoni. Nikamwambia dada, hiyo niliitengeneza mimi, hapahapa uliposimama. Karabai zimetoka Mtera, mizani imetoka Kondoa, ukirudi pale simama chini uangalie kitanga cha kulia, utakuta senti.

Alinisikiliza kwa adabu yote. Akasema, "Sawa fundi." Akarudisha simu kwenye mkoba. "Basi niambie, geti unafanya bei gani?"

Wanasema kizuri chajiuza. Ni kweli, chajiuza chenyewe, na anayesimama pembeni yake ndiye anayeitwa mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Jina la kazi lina siku moja tu ya kusemwa, siku ile ile ya kwanza, wakati watu bado wameinua vichwa. Ukiipitisha siku hiyo kwa heshima za pilau, kesho yake unaonekana tapeli. Ukweli ukichelewa hata kidogo, unakuta uongo umeshakaa kitini na umeshapewa soda. Siku hizi kila taa inayotoka kwangu nagonga jina kwa patasi kwenye chuma chenyewe kabla sijaweka hata waya. Asiyetaka jina asichukue taa. Wateja wamepungua, na mageti yameongezeka.

Juzi mama alinipigia. Katika mazungumzo akaniambia baba ameacha kusema nahangaikahangaika. Watu wakimuuliza msikitini kijana wako anafanya nini Dodoma, anajibu, "Anatengeneza taa za Uturuki." Watu wanasema mashaallah, wanampa mkono.

Mama alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Mpaka sasa sijajua kama ananisifu au ananisema, na namna ya kumuuliza sina.

Mafundi, wachoraji, washonaji mliomo humu, nani kazi yake imewahi kupewa baba mwingine mbele ya macho yake? Mlisema au mlimeza? Na wenye wazee wa aina ya huyu wangu, hebu niambieni, hilo jibu lake mngelisomaje?

Mtakaopita kwenye hiyo hoteli, msiitazame taa kutoka mlangoni kama wengine. Ingieni mpaka katikati, inueni vichwa, tafuteni senti.

Na kabla hamjaniwahi kwenye maoni, najua. Nimeandika uzi mzima wa kulilia jina langu, na nimeuandika kwa ID isiyo na jina langu.